Kigoda cha Akina Mhoja Siku ya Wanachama

Wapo watu ambao wakikasirika hunyamaza. Levina Mhoja alikuwa mmoja wao mpaka mwaka huu. Mimi sikuzaliwa hivyo, kwa hiyo habari zake nitazisema mimi, na atakayeona nimesema kwa ukali anisamehe au asinisamehe, shauri yake.

Levina ni mkulima wa karanga pale Ntalikwa, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yetu ya Moravian. Hakujaliwa mtoto. Kaka yake alipofariki alimwachia binti, Theodora, naye akamlea kwa karanga hizo hizo hadi akamsomesha ualimu wa chekechea. Waliomshauri ampeleke mtoto kwa ndugu wa mjini aliwasikiliza, akawakaribisha chakula, akawasindikiza hadi njiani. Jibu hakuwapa. Huyo ndiye Levina, mtu wa kutenda zaidi ya kusema.

Sasa kigoda. Ukoo wa Mhoja una kigoda cha mninga cha miguu mitatu, kimekaliwa mpaka kinang'aa. Alikichonga babu wa babu yao, mpagazi, mmoja wa wale waliobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na vitambaa. Mkewe, Nyamizi, alitembea naye safari zote hizo akiwa na vyungu kichwani, na kila kambi waliyofika wanaume walipata pa kukaa, yeye akakaa vumbini. Walipoacha safari mzee akamchongea kigoda. Binti yao alipoolewa, Nyamizi akampa aende nacho, akasema mwanamke wa kwao hatafika ukweni akaomba pa kukaa.

Tangu hapo ndiyo desturi yao. Siku moja kabla ya harusi shangazi humketisha binti kwenye kigoda, humpaka miguu mafuta ya karanga, humtamkia maneno, kisha binti huondoka nacho. Kinakaa ukweni mpaka azae mtoto wa kwanza. Hapo mume hukirudisha mwenyewe, kwa miguu, amekibeba kichwani kama walivyobeba wapagazi. Binti aliyekwenda bila kigoda huhesabiwa kuwa hakusindikizwa na mtu, na mawifi hawakawii kumkumbusha.

Wakaja watu wa makumbusho. Ni makumbusho mapya, ya watu binafsi, yamejengwa nje kidogo ya mji kando ya njia ya zamani ya misafara, na ukitazama vizuri yana mgahawa na bustani zaidi kuliko yalivyo na vitu vya kale. Meneja wake, kijana anayeitwa Ezekia, alizunguka vijijini akiwaomba watu waazimishe mali za wazee wao. Kwa Levina alifika akasema shikamoo, akanywa uji hadi akakomba kikombe, akaahidi kwamba kigoda kitakuwa salama mbali na mchwa na siku kikihitajika kitatoka. Nilikuwepo, nikibangua karanga mlangoni, na masikio yangu hayana kasoro.

Akampa kadi: Mwanachama wa Kudumu. Akamsomea faida zake pale pale. Kuingia bure pamoja na mgeni mmoja. Punguzo la bei dukani. Mihadhara ya historia. Chai na vitafunwa Siku ya Wanachama, na siku hiyo, kwa wanachama tu, nafasi ya kushika vitu vya kale kwa mikono yao.

Levina alifurahi kuliko nilivyotegemea, nami nilichelewa kuelewa kwa nini. Kwetu mwanachama ni mtu wa chama cha kuzikana. Ukiwa mwanachama, mwenzako akifiwa unakwenda na kuni, akioza binti unakwenda na unga, na lako likifika wanakuja. Basi yeye akaelewa hivyo. Lugembe, mlinzi wa geti la makumbusho, alipofiwa na mama yake, Levina alikwenda msibani na mzigo wa kuni, akalala huko na kupika. Aliwauliza waombolezaji wanachama wengine wako wapi, wakadhani anatafuta watu wa chama tawala. Siku ya Wanachama ya kwanza alipeleka karanga za kuchemsha kwenye beseni. Zilipokelewa jikoni na hazikuonekana tena mezani. Hakulalamika. Nililalamika mimi.

Mwaka huu Theodora akapata mchumba, Eliya, fundi umeme wa Isikizya, kijana mwenye adabu. Harusi ikapangwa. Levina akavaa kitenge kizuri akaenda kukichukua kigoda, na kuwaalika wanachama wenzake wote.

Meneja yule yule aliyekomba kikombe hakuinuka hata kitini. Hakuamkia. Akamweleza kwamba kifaa kimeshasajiliwa, na vifaa vilivyosajiliwa havitoki. Akasema mbao za zamani zinaharibiwa na jasho la mwili wa binadamu, mafuta ndiyo sumu kabisa. Levina akamkumbusha ahadi. Akajibiwa kwamba wakati ule taratibu zilikuwa hazijakamilika. Kisha, kwa ukarimu wake mkubwa, akamwambia bibi harusi anaweza kuletwa apigwe picha mbele ya kabati la kioo, kwa bei ya mwanachama.

Jasho! Kigoda kimekaliwa na mabinti wa ukoo ule tangu zama za misafara, wakitoka jasho la woga na jasho la joto la Oktoba, na mpaka leo hakina ufa. Lakini Levina alirudi nyumbani akanisimulia kwa sauti ya chini, akalala mapema. Theodora alimwambia yaishe, ataolewa tu. Ndipo nikamwona Levina akifuta machozi kwa mara ya kwanza tangu tumzike mumewe. Alisema angalau mtoto akikalie, hata kama hataondoka nacho. Kama kigoda hakiwezi kuja kwa binti, binti atakwenda kwa kigoda.

Siku ya Wanachama iliangukia siku moja kabla ya harusi, alasiri. Levina akasema faida ni faida, wameziandika wenyewe. Akaweka chupa ndogo ya mafuta ya karanga kwenye mkoba. Theodora ndiye aliyekuwa mgeni wake wa bure. Mimi nililipa kiingilio, nami sijutii.

Getini Lugembe alituamkia kwa mikono miwili. Baada yake hatukuamkiwa na mtu. Msichana wa mapokezi alitazama kadi akatuelekeza kwenye viti vya plastiki nyuma ya jenereta. Kumbe siku hizi kuna Wanachama wa Dhahabu, wanaolipa kila mwaka, na hao ndio walioketi chini ya hema wakila sambusa na mishikaki. Wengine walikuwa watu wa maofisi ya mjini, wengine wageni waliotoka Dar kwa ndege. Wanachama wa Kudumu, yaani wazee waliotoa vitu vyote vilivyojaza nyumba ile, walipewa maji ya chupa. Nilimwona mzee mmoja akitazama mishale ya baba yake kupitia dirishani kwa kuwa ukumbini palikuwa pamejaa.

Halafu mshereheshaji akatangaza tukio la siku. Pazia likavutwa, na kigoda cha Nyamizi kikawa pale kwenye jukwaa mbele ya hema, nje ya kioo, kimewekewa taa. Kila mwanachama wa dhahabu akaalikwa kukikalia, ashike pembe ya ndovu ya plastiki, apigwe picha. Bwana mmoja mnene wa suti akawa wa kwanza. Alijirusha juu yake akicheka, miguu hewani, na watu wakacheka naye. Ezekia alikuwa pembeni akipiga makofi. Jasho la bwana yule lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola, na hakuna aliyesema ni sumu.

Nikageuka kumtazama Levina. Hakuwa analia. Alikuwa ameshasimama, amemshika Theodora mkono, anakwenda kupanga foleni.

Nikawafuata. Zamu yao ilipofika, msichana wa mapokezi akasema picha ni kwa dhahabu tu. Levina akamwonyesha kadi yake na kusema yeye ni mwanachama na huyu ni mgeni wake. Watu waliokuwa nyuma, ambao hawakuwa wabaya, wakasema mama apite. Ezekia akatuona. Uso wake ulibadilika, lakini simu zote zilikuwa juu zikirekodi, na mbele ya wageni wa Dar akachagua kutabasamu.

Theodora akaketi. Levina akapiga magoti, akamvua viatu, akafungua chupa. Nilimsikia mshereheshaji akiwanong'oneza watu kwamba huu ni utamaduni halisi. Levina alimpaka miguu yote miwili, taratibu, bila kumjali mtu, kisha akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Theodora, mtoto wa kaka yangu. Nyamizi alikaa vumbini ili wewe usikae. Ukifika ukweni usiombe pa kukaa, unapo. Haya, simama ukibebe."

Hayo ya mwisho hatukuwa tumeyapanga. Theodora alinitazama mimi, akamtazama shangazi yake, akainama akakinyanyua akakiweka kichwani. Makofi yakalipuka. Nikapiga kigelegele, tena kirefu, maana sikuona kwa nini nimwachie mtu mwingine. Wanachama wa dhahabu wakatupisha njia wakishangilia, wakidhani ni igizo waliloandaliwa, na bwana yule mnene akawa anatusukumia watu pembeni tupite vizuri. Ezekia naye alikuwa akipiga makofi. Afanye nini? Wote walikuwa wakimtazama na kumpongeza.

Lugembe hakudhani ni igizo. Alikitazama kigoda, akamtazama Levina, akafungua milango yote miwili ya geti kama ya kupitisha lori. Bajaji ikatupeleka, na kesho yake Theodora aliingia kwa akina Eliya, akakiweka kigoda chake sebuleni mbele ya mawifi wote, akakaa.

Ezekia alikuja Ntalikwa wiki iliyofuata. Safari hii alisema shikamoo, na Levina akaitikia marahaba, akaendelea kupepeta karanga. Kijana akaanza kwa kusema wanachama walifurahi sana, haijapata kutokea. Kisha akasema kifaa kirudi. Levina akazidi kupepeta. Basi kijana akalegeza, akasema wanaweza kuelewana: kigoda kirudi, na Levina awe anakuja kila Siku ya Wanachama na binti yeyote, afanye vile vile, naye atapandishwa kuwa mwanachama wa dhahabu bila kulipa.

Levina akaweka ungo chini.

"Kigoda kipo ukweni," akasema. "Mwenye kukirudisha ni Eliya, akishapata mtoto, na kitarudi hapa. Siku hiyo nitakualika, baba, maana mimi mwanachama mwenzangu simsahau. Utakuja na kuni."

Ezekia akauliza basi awaambie nini wanachama. Levina alikuwa ameshachukua ungo wake. Pale barazani palikuwa na stuli mbili na mkeka umekunjwa ukutani, na kijana wa watu alikuwa amesimama juani tangu alipofika, kofia mkononi, akingoja aambiwe karibu ukae. Hakuna aliyemwambia.