Mshipa Umekatika

Miaka ile tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Nzega, mume wangu alipata kazi ya kupaka grisi mashine kubwa ya kuchimba mawe. Mashine yenyewe iliendeshwa kwa kamba za chuma, nene kama mkono wa mtoto. Mimi nilitolewa shule darasa la pili, lakini viungo vyake navijua, maana kila jioni tulikula navyo katika mazungumzo yake. Boriti ndefu ya mbele yeye na wenzake waliiita mkono. Kijiko cha kuchotea mawe kilikuwa kinywa, kina meno. Kamba zilizoushika mkono usianguke ndizo mishipa. Ukiwasikia wanaume wale ungedhani wanauguza mtu.

Kwenye ncha ya mkono kulikuwa na kapi, na kamba ya kuinulia kijiko ilipita humo. Kapi lile lilitaka grisi kila siku. Mashine ikinyamaza, ndiyo mume wangu anapanda na kopo lake. Kwa hiyo mimi sikutulia. Katika shamba la kijiji, mashine ikinguruma nilipalilia. Ikinyamaza nilisimama, mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeota mizizi.

Siku moja ilinyamaza kabla ya adhuhuri. Kikafuata kishindo. Nikajiambia ni baruti, nikainama, nikakata mahindi badala ya majani.

Mara akatokea mfanyakazi mwenzake mume wangu juu ya baiskeli. Alikuwa Mzaramo, mtani wetu Wanyamwezi. Kila akiniona huniuliza mzigo wangu uko wapi, mpagazi gani anatembea mikono mitupu kwenye njia ya babu zake. Siku hiyo hakunitania. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Mshipa umekatika, mtani," alisema bila kushuka. "Mkono umelala chini. Nawahi simu Nzega."

Kabla sijamuuliza mume wangu yuko wapi, alikuwa ameshapita.

Nilianza kwa kutembea, maana mwanamke akikimbia kijiji kizima kinalia. Halafu nikakimbia. Wanawake wakanifuata, mmoja ameshajifunga kanga kiunoni na kuanza kilio. Nikamwambia afunge mdomo mpaka nione mwenyewe.

Machimboni niliona boriti imelala juu ya mawe, na kamba imefumuka nyuzi kama ukili. Mume wangu alikuwa ameketi juu ya kijiko, anatafuna matobolwa, vile viazi vikavu nilivyomfungia asubuhi. Akatutazama, wanawake wote wale.

"Nani kafa?"

"Wewe," nikamwambia.

Wenzake wakacheka. Yeye alicheka kidogo, kisha akaacha. Alinieleza polepole kwamba alikuwa juu, grisi ikamwishia, akashuka kujaza kopo. Alikuwa bado anachota kamba ilipokatika.

Nikamuuliza kama atapanda tena. Akasema kamba mpya ikija, kapi litataka grisi.

Basi nikampa sharti mbele yao wote: nyumbani kwangu boriti iitwe boriti, na kamba iitwe kamba. Mkono ni wake na mishipa ni yake, asikigawie chuma. Yule mtani nilimtoza kuku kwa kunipa msiba usio na maiti. Alimleta, tena jogoo, akisema amenipa mzigo wa kubeba.

Kamba mpya ilikuja. Mashine ikaanza kunguruma, nami nikarudi kupalilia. Ila tangu siku hiyo nilichagua mistari ya ukingoni, inayotazama njia ya machimboni.