Nafasi ya Upepo

Harufu ya sabuni ya mche ikichanganyika na petroli, hata nikiwa sokoni natafuta kitu kingine kabisa, hunirudisha kwenye bichi ya Kisangani. Bichi ndilo jina letu la mahali pale boti zinapofungwa kupakia mizigo ya kushuka mtoni. Nauona tena mto umepungua, mchanga umejitokeza hapa na pale, wapagazi wanapita na maboksi ya sabuni kichwani, na mimi mwenyewe nikiwa mtoto wa darasa la sita mwenye sura ya hakimu. Watu waliokuwepo siku ile wanasema nilinuna kuanzia asubuhi. Sikununa. Nilikuwa kazini. Nilikuwa nimekabidhiwa dada yangu Odette nimfikishe Barumbu akiwa mzima, na kazi hiyo ilikuwa na sharti moja gumu, kwamba mtu yeyote asijue kuwa niko kazini.

Yaya Odette, kwetu yaya ni ndugu mkubwa, alikuwa na miaka kumi na sita na ugonjwa wa kifafa. Nyumbani kwetu, katika komini, yaani wilaya ya mji, ya Tshopo, jambo hilo lilijulikana na ukuta na mlango tu. Papa, baba yetu, mtu wa Maniema aliyekuja Kisangani kufanya kazi ya serikali, alikuwa amepata daktari mzuri na vidonge vilivyosaidia, lakini kifafa hakikuwa kimeondoka, kilikuwa kimepunguza ziara zake tu. Mama, ambaye kwao ni Barumbu, alikuwa mtoto wa mto, na aliyajua maneno ya watu wa mto: kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza, kwamba maji yanamwita, kwamba boti iliyombeba haifiki salama. Aliwahi kuona kijana akikataliwa kupanda boti mbele ya mama yake, na picha hiyo haikumtoka. Kwa hiyo Yaya Odette hakuwa akienda popote. Alishona, alifua, aliimba kwa sauti nzuri iliyowafanya majirani wanyamaze, na jioni alisimama mlangoni akiwatazama wasichana wenzake wakipita kwenda kwaya.

Ndipo bibi yetu wa Barumbu akatuma habari kwamba anataka kumwona mjukuu wake mkubwa macho yake yangali yanaona. Mama alikuwa na mtoto mchanga, papa hakupata ruhusa kazini. Walibishana chumbani kwa sauti ya chini kwa siku kadhaa, kisha ikaamuliwa kwamba twende sisi wawili pamoja na Mama Veronika, rafiki wa mama, mfanyabiashara aliyeshuka na sabuni na kurudi na mafuta ya mawese. Yaya Odette alipopewa habari hiyo alienda nyuma ya nyumba akacheza peke yake kama mtu aliyesikia muziki. Mama aliniita pembeni. Vidonge nitavibeba mimi, ndani ya kopo la maziwa. Yaya asikae na njaa, asikose usingizi, na juu ya yote asikae karibu na maji. Mama Veronika alikuwa ameambiwa kwamba msichana anasumbuliwa na kichwa, basi. Zaidi ya hapo nisifungue mdomo.

Sasa hapa lazima nieleze jinsi watu wanavyokaa kwenye boti zetu, zile boti ndefu za mbao zenye injini nyuma, maana jambo lote limelala hapo. Hakuna viti. Kila mama anakaa juu ya mzigo wake, na mwenye maboksi mengi ya sabuni au magunia mengi ya chumvi ana kiwanja kikubwa. Katikati kuna joto, kuna moshi wa petroli, kuna watoto wanaolia na sufuria zinazochemka juu ya majiko ya makaa. Pembeni mwa boti, upande wa mbele, kuna nafasi nyembamba yenye upepo, na nafasi hiyo haiuzwi. Akina mama humpa mtu wanayetaka kumtunza: bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe, mama mjamzito, mgeni wa heshima. Mtu anakaa pale mgongo kwenye ubao, mkono ukining'inia juu ya maji, na wote wanaona kwamba amependelewa.

Mama Veronika alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni, na alikuwa na moyo mwema kupita kiasi. Boti ilipong'oa nanga tu, alimtazama Yaya Odette, akakumbuka habari ya kichwa, akawaeleza wenzake kwamba huyu binti maskini kichwa kinampiga na moshi utamuua. Wote wakakubali kwa huruma. Wakasogeza ndoo, wakatandika kitenge, wakamkalisha dada yangu kwenye nafasi ya upepo, nusu hatua kutoka kwenye maji ya mto Kongo. Uongo wetu wenyewe ndio uliomweka pale. Mama yangu alikuwa amechagua maneno yale kwa siku nyingi, na hakuwaza hata kidogo kwamba watu wangeyaamini kwa wema namna ile.

Yaya Odette mwenyewe alikuwa amefurahi mno, upepo unampiga usoni, anaangalia kila mtumbwi unaopita, anauliza majina ya vijiji. Nilimwambia twende katikati, akanijibu kwamba katikati ninuke mimi. Nikafikiri haraka. Nikaona kwamba nikijifanya naumwa tumbo, nitaomba kulala katikati na kumtaka dada yangu aje anishike kichwa. Nikajikunja, nikaguna, nikatoa ulimi. Nilijifunza siku ile kwamba mtoto anayetaka kutapika kwenye boti hapelekwi katikati penye vyakula na mizigo ya watu. Walininyanyua upesi upesi wakaniweka pembeni, kando ya Yaya Odette, uso wangu ukitazama maji. Tukawa wawili kwenye nafasi ya upepo, na Mama Veronika akatuletea limau ninyonye.

Tukapita Yanonge, ambapo wauza ndizi walitujia na mitumbwi yao na mzunguko mzima wa boti ukawa soko. Tukala lituma ya ndizi iliyopondwa laini, na samaki wa moshi, na mimi nilikula kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa umeshika gauni la dada yangu kwa nyuma. Nilipochoka nikapata akili nyingine. Nilichukua ncha ya kitenge chake nikaifunga na ncha ya kitenge changu, fundo gumu, kisha ncha yangu nyingine nikaifunga kwenye kamba ya mizigo. Niliona nimemaliza kazi. Jua lilikuwa kali, mto ulimeremeta, akina mama waliimba nyimbo za kanisani na Yaya Odette akaimba nao, na sauti yake ikawafanya wageuke wote kumtazama. Sijawahi kumwona na furaha ile. Moyo wangu ulikuwa umejaa kwa ajili yake, na wakati huohuo nilikuwa nahesabu jinsi maji yalivyo karibu.

Tulipokwisha kupita Yangambi alitaka kusimama aone kiboko ambaye mtu alisema amemwona. Fundo likamrudisha chini. Akatazama kitenge chake, akatazama changu, akatazama kamba, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atanipiga. Macho yake yalijaa machozi, lakini hakulia. Alilifungua lile fundo polepole, kwa vidole vya mtu anayejua kushona, akasimama akishika ubao, akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akiimba nayo.

"Bamama, munisikilize. Haiko kichwa. Mimi iko na kifafa. Inakuyaka bila kupiga hodi, na kama inanikuta hapa pembeni, nitaingia mu maji. Huyu leki yangu, mudogo yangu huyu, anashinda kunishika tangu asubuhi, amechoka. Munisaidie."

Nyimbo zilikatika. Mama mmoja kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni alisogea mbali, akajifunika mdomo na kitenge. Kuna aliyeanza kusali. Kapiteni, mzee mwembamba wa kutoka Isangi aliyekuwa hajazungumza na abiria siku nzima, alipelekewa habari nyuma kwenye injini, akaja akipita juu ya mizigo. Hakuwa na hasira, nadhani aliogopa tu. Alisema tukifika Isangi jioni, wale watoto wawili watashuka, na yeye atatafuta mtu wa kuwarudisha Kisangani. Nikamwona Yaya Odette akikaa chini taratibu, mikono magotini, kama alivyokuwa akikaa nyumbani. Bibi hatamwona. Na kama safari hii ingekatika, nilijua kabisa, hapangekuwa na safari nyingine tena maishani mwake.

Mama Veronika alionekana kama mtu aliyetukanwa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anawaza jinsi alivyomkalisha mtoto wa rafiki yake kwenye ukingo wa mto kwa mikono yake mwenyewe. Alinyanyuka, na alipokuwa akinyanyuka Mama Veronika boti ilijua.

"Bon," akamwambia kapiteni. "Kama batoto banashuka Isangi, sabuni yangu nayo inashuka. Yote. Na bale bamama bengine, ubaulize chumvi yabo itabakia na nani."

Kapiteni akawatazama akina mama, ambao mizigo yao ndiyo iliyolipia petroli yake. Wengine waliangalia pembeni, lakini hakuna aliyesema kwamba chumvi yake itabaki. Hata yule wa mtoto mgongoni hakusema. Kapiteni akakuna shingo, akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta njia ya kutokea, kifafa kikimkuta wafanyeje. Swali hilo hakuna aliyewahi kutuuliza nje ya nyumba yetu. Nilijikuta nimesimama, mgonjwa wa tumbo niliyepona ghafla, nikiwaeleza yote: mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu, ondoeni vitu vigumu, ngojeni, kitapita. Na mate hayaambukizi, mimi nalala naye kitanda kimoja. Mama Veronika akaanza kulicheka tumbo langu, wengine wakamfuata, na kicheko hicho ndicho kilichoanza kusogeza mizigo.

Walijenga chumba. Sina neno lingine. Katikati ya boti waliweka marobota ya nguo za mitumba yawe godoro, maboksi ya sabuni wakayapanga pande zote yawe kuta, na majiko wakayahamishia mbali. Juu wakafunga kitenge cha kuzuia jua, na upande wa mbele wakaacha mwanya makusudi ili upepo uingie. Yaya Odette aliingia humo akajinyoosha, akasema ananuka sabuni kama shati la papa siku ya Jumapili. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nilimwachia mtu mwingine amtazame, nikalala kwenye mapaja ya Mama Veronika nikiwa bado na limau mkononi. Waliniambia nilikoroma.

Kifafa kilikuja kesho yake asubuhi, tulipokuwa tumeshaondoka Isangi. Nilisikia ile sauti ninayoijua, na kabla sijafika, Mama Veronika alikuwa amekwisha kumgeuza ubavu. Injini ikazimika, kapiteni aliizima mwenyewe bila kuambiwa, na boti ikawa inachukuliwa na mto polepole, kimya, ndege wakisikika msituni. Hakuna aliyekimbia. Yule mama kijana alimfungua mtoto wake mgongoni, akampa mtu amshike, akakikunja kitenge alichombebea na kukiweka chini ya kichwa cha dada yangu. Kikapita. Yaya Odette akafumbua macho, akaona nyuso za akina mama zimejipanga mstari juu ya maboksi, akauliza kwa sauti ya usingizi, "Tumefika?" Walicheka hadi wengine wakafuta machozi, na kapiteni akawasha injini.

Tulipofika Barumbu, bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga kidogo tu, alimgusa Yaya Odette uso wote kwa vidole, mashavu, paji, masikio, akasema amefanana naye. Tulikaa Barumbu likizo nzima, tukala samaki hadi tukaanza kuota nyama. Tuliporudi, mama alikuwa tayari amesikia, kwa kuwa habari za bichi hutangulia boti. Alitaka kunikemea kwa kuvunja siri, lakini Mama Veronika alimwahi pale pale mlangoni, akamwambia kwamba yeye, Veronika, si mtu wa kukabidhiwa mtoto nusu, ugonjwa wake ukafichwa. Mama alilia. Kisha akapika sombe, mboga ya majani ya mihogo, ya watu wengi, na Jumapili iliyofuata Yaya Odette alienda kwaya.

Leo boti zimebadilika. Abiria wengine huvaa makoti ya kuelea, simu zinaita hata katikati ya mto, na mama, ambaye sasa ndiye bibi, hupiga simu kila boti inapokaribia kijiji chenye mnara. Yaya Odette ana biashara yake ya sabuni na mafuta. Ugonjwa wake umetulia sana, lakini hapandi boti kabla hajausema kwa sauti, na wanaomjua humpangia maboksi hata hajafungua mdomo. Kukataliwa bado kupo, nisidanganye. Ila sijasikia akishushwa.

Likizo iliyopita nilimkabidhi Yaya Odette binti yangu, Mireille, ampeleke Barumbu. Mireille ana miaka kumi na minne na masikio yake hayasikii vizuri. Yeye hulificha jambo hilo kwa kutikisa kichwa kama aliyesikia kila anaposemeshwa, na mimi, mama yake, ninamsaidia kulificha ili wenzake wasimcheke. Pale bichini nilimvuta Yaya Odette pembeni, nikamnong'oneza kwamba kapiteni akipiga kelele za kuonya, mtoto hatasikia, lakini nisingependa watu wajue. Aliiangalia ncha ya kitenge changu, kana kwamba anatafuta fundo. Kisha akamshika Mireille mabega, akamgeuza awaelekee akina mama waliokaa juu ya mizigo yao, akamwambia karibu na sikio, "Sema mwenyewe."

Mireille akanitazama, nami nikatikisa kichwa kumkubalia. Akasema. Na kwa kuwa sauti yake mwenyewe haisikii vizuri, aliipaza mno, bichi nzima ikageuka, wapagazi wakasimama na maboksi kichwani. Kisha mama mmoja juu kabisa ya mizigo akajibu, kwa sauti kubwa kama ya mwanangu, kwamba amesikia, na akaanza kusogeza sabuni.