Aliyesimama Nje ya Kadre

Binti yangu anatengeneza filamu za michoro inayotembea. Kazi hiyo alijifunza Bujumbura kwa nguvu ya matofali ninayochoma na kuuza, na nalisema bila haya. Minye, yaani mimi, shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Nyumba hii ya Rugenge, hapa Uvira, tunamokaa niliijenga kwa udongo niliouchimba mwenyewe.

Siku aliponiita kuangalia kazi yake, kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi chote, isipokuwa dirisha moja katikati. Ndani ya dirisha hilo ilikuwamo barabara ya Sange, tulikokaa zamani, na watu wanakimbia na mafurushi na magodoro vichwani. Nikajiona mimi, kijana, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye yeye.

"Mbona pua umenipa kubwa hivi?"

"Papa, hiyo nimeipunguza."

Tulicheka. Kisha nikauliza habari ya ule weusi.

"Hapo ni nje ya kadre," akasema. "Kadre ni kile kamera inachoona. Cha nje nimekifunika, kisinisumbue macho."

"Basi nje iko kitu?"

"Iko."

"Funua."

"Papa, acha kwanza."

"Funua. Umeme unaokula hapa ni wa nani?"

Akavuta alama ndogo kwa kidole, weusi ukapungua, ukawa kijivu. Pale pembeni, mkono wa kuume, mama yake alikuwa amesimama. Peke yake, mahali pasipo ardhi wala barabara, mikono ameinyoosha huku na huku kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi. Sura ilitoka kwenye picha moja iliyotubakia.

"Anafanya nini pale?"

"Hajapewa kazi bado. Kwenye mashine, asiye na kazi anasimama hivyo."

Ilikuwa wakati wa vita vya kwanza, nasi hatukujua kwamba ni vya kwanza. Wiki zile tulikuwa tumeshazoea: asubuhi risasi, tunakimbilia upande wa Uvira, jioni tunarudi kupika. Vita tulivichukua kama mvua, inanyesha na inapita. Asubuhi ile mke wangu alikuwa ametandaza mpunga kwenye shitingi, lile turubai la plastiki la kuanikia. Tulipokuwa barabarani mawingu yakafunga kutoka milimani.

"Mpunga utalowa," akasema.

"Uache."

"Na weye utakula nini? Nakunja shitingi, nawakuta mbele."

Akageuka. Hakuwa peke yake. Mwanamke mwingine aligeuka kwa ajili ya maharage aliyoacha motoni, mwingine kwa ajili ya mbuzi aliyefungwa. Jioni hiyo hatukurudi, na yeye hakutukuta mbele. Niliuliza kila aliyetoka bonde la Ruzizi, miaka na miaka. Hakuna aliyemwona, si mzima, si maiti.

Baadaye muramu wangu, kaka wa mke wangu, alikuja na wanaume wa ukoo. Walibeba mugomba uliokatwa urefu wa mtu, wauzike badala ya mwili, ili kilio kikae, ndiyo matanga, na watu wapumzike. Ni desturi, siikatai kwa wengine. Nilisimama mlangoni.

"Rudisha mugomba wako," nikamwambia. "Mke wangu si ndizi."

"Muramu, na mtoto huyu atamlilia mama yake lini?"

"Siku nikiona kaburi."

Tangu hapo hakuna kilio kilichokaa nyumbani mwangu. Binti yangu alikua bila kumlilia mama yake mbele ya watu, kwa sababu minye nilikataza. Vita vikaja vingine, na vingine tena, wenzetu wakazika na kuondoa matanga. Sisi hatukuzika.

Ndipo akaniambia, macho kwenye kioo: "Nikimwingiza katika kadre, Papa, lazima nimtoe, kwa sababu aligeuka. Na nikimtoa, ni kama nimeweka kilio bila ruhusa yako. Ndiyo maana nimemwacha pale."

Nilitoka, nikaenda kwenye tanuru langu Nyamianda, nikagombana na vijana kwa matofali yasiyo na kosa. Niliporudi nikamwambia: "Mwingize."

Alimwingiza. Siku aliyonionyesha, niliona mwanamke akipita barabarani kwa madaha kama mademoiselle, binti wa mjini, anayekwenda arusi.

"Huyo si mama yako."

"Mwendo wake siujui, Papa. Nilikuwa mgongoni kwako."

Basi nikasogeza viti vya saluni, hapo sebuleni. Nilishika fundo la kitenge kisichokuwepo kiunoni mwangu, nikainamisha kifua mbele kidogo, nikatupa mguu wa kushoto nje, kwa sababu ule aliunguzwa na mafuta ya mawese akiwa msichana. Alikuwa anatembea upesi, kama muntu anayekwenda kumkaripia mtu. Nilitembea hivyo kutoka kabatini hadi mlangoni, na goti langu bovu, binti yangu ananipiga video kwa simu.

"Usicheke."

"Sicheki."

Nilipogeuka niliona machozi yamemfika kidevuni. Sikumkataza.

Baada ya kujipangusa akauliza: "Akifika ukingoni mwa kadre, nimsimamishe? Akishatoka haonekani tena."

"Usimsimamishe. Atembee mpaka kwenye shitingi. Akunje."

"Papa, hiyo ni kazi ya siku nyingi. Na hakuna atakayeiona."

"Minye nitajua."

Aliifanya. Huko nje ya kadre alimwekea shitingi, na mpunga, na wingu juu. Nilimwona akiinama, akikunja pembe moja, kisha nyingine. Binti yangu akaniuliza kama ni hivyo. Nikasema ni hivyo. Akarudisha weusi, barabara ikabaki peke yake katikati.

Filamu ilionyeshwa kwenye salle ya parokia, ule ukumbi wa mikutano, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Muramu wangu, mzee sasa kama mimi, alikaa ubavuni mwangu. Mke wangu aligeuka. Alipita ukingo wa shuka, akaondoka. Kwenye shuka walibaki wanaokimbia, na salle nzima iliwafuata kwa macho. Minye niliangalia ukuta, mkono wa kuume, pale chokaa imebanduka.

"Muramu," akanong'ona, "filamu iko huku. Unaangalia nini pale?"

"Dada yako."

Aliangalia ukuta pamoja nami. Nilingoja mpaka nikajua pembe ya mwisho imekunjwa.

"Jumamosi," nikamwambia. "Waambie watu wa kwenu waje. Kilio kitakaa kwangu."