Mlango Uliohama Nasi

Mtaani kwetu yupo msukuma mkokoteni tunayemwita Taratibu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, amepewa na makabati. Ni mtu mfupi, ananifika begani, na mimi mwenyewe si mrefu. Lakini mwone anavyopitisha kabati la milango mitatu kwenye ukumbi mwembamba, huku akilibembeleza: "Taratibu, taratibu, usiogope, tumekaribia." Utadhani anampeleka mgonjwa kuchomwa sindano. Vyombo vyote anaongea navyo. Kitanda ni mzee, meza ni shemeji, na godoro, kwa vile halijiwezi likisimamishwa, analiita mlevi.

Nusu ya mtaa ameihamisha yeye. Anajua kitanda cha nani kimeegemea tofali, na anajua nani amefunika televisheni kwa kitambaa kizuri kwa sababu haiwaki tangu mwaka juzi. Ukimchokoza aseme, anakujibu, "Mimi nabeba vyombo, maneno yanazidi uzito." Yeye mwenyewe hajahama tangu aoe, chumba kile kile, huu mwaka wa ishirini na mbili. Mke wake anasema anaiogopa bei yake mwenyewe.

Kitu kimoja tu kinamtia homa: kusahau mali ya mteja. Aliwahi kuacha mwiko wa mama mmoja, na yule mama akamtangaza mtaa mzima kana kwamba kaiba ng'ombe. Tangu hapo, akishapakia anarudi ndani mara tatu, anachungulia kila kona, hata msumari ukutani anauliza ni wa nani.

Sisi tulihama kwa sababu ya harusi isiyo yetu. Mtoto wa mwenye nyumba alikuwa anaoa, na vyumba vyetu viwili ndivyo vilivyotakiwa kwa maharusi. Mzee hakutufukuza kwa ubaya. Alitupa miezi miwili, na kila asubuhi alipita mlangoni akauliza, "Mmepata?" kwa upole mpaka upole wenyewe ukawa unaudhi.

Hofu yangu ilikuwa kwa binti yangu wa miaka sita. Tunamwita Bibi, maana anaongea kama mtu aliyekwisha kuzika waume watatu. Nikataka nimtulize mapema.

"Tunahama na kila kitu chetu," nikamwambia.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

"Hakibaki hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Kumbe nilikuwa nimejifunga kamba kwa mikono yangu.

Siku yenyewe baba yake alikuwa zamu kazini. Taratibu alileta vyombo vya safari ya kwanza, akavishusha, na mimi nikaingia na mdogo wake Bibi mgongoni. Bibi akageuza ndoo nje ya mlango, akaikalia.

"Ingia basi, uone chumba chako."

"Siingii."

"Kwa nini?"

"Mimi simo humu."

"Uko wapi sasa?"

"Nimebaki nyuma ya mlango."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala, kila alipotimiza mwaka, baba yake alimsimamisha akamchorea mstari wa mkaa juu ya kichwa, na pembeni akaandika jina lake. Mistari sita. Wa kwanza umepinda, kwa kuwa alikuwa bado anasimama kwa kushikiliwa. Mimi nilifunga masufuria, nikafunga mapazia, hata vifuniko visivyo na masufuria yake nikafunga. Mistari ile hata haikunijia akilini.

Nikambembeleza. Nikamwahidi kulala upande wa dirisha. Nikamwonyesha paka wa jirani. Hola. Nikaanza kutisha.

"Basi utalala nje?"

"Nitalala kwenye ndoo."

"Hutoshi."

"Nitajikunja."

Jua lilikuwa linasogea, na mtoto mwenyewe, kwa ujuba wake wote, alikuwa anageuka geuka kutazama tulikotoka. Niliogopa. Nilijua nikimbeba kwa nguvu atalala ndani, lakini nyumba hii itakuwa yangu na ya baba yake, si yake. Mdogo akaanza kulia, nikaingia kumnyonyesha.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Taratibu, akijiandaa kwa safari ya pili, alimkuta Bibi pale kwenye ndoo.

"Mjomba, umeacha mlango wetu."

"Mlango? Ni wenu?"

"Una jina langu."

Sasa, huku kwetu si ajabu mpangaji kuweka mlango wake akikuta chumba hakina, na siku ya kuondoka akaung'oa akaenda nao. Taratibu akaenda, akachungulia nyuma ya mlango, akalikuta jina, tena mara sita. Jasho likamtoka. "Mama Bibi," alikuja kuniambia, "mwiko tu ulinitesa miaka tisa. Mlango ungeniua kabisa."

Nikiwa nimekaa na mtoto titini nikasikia kelele nje. Nikatoka. Mkokoteni unakuja, meza yetu, yule shemeji, iko juu na miguu angani, mabeseni yako pembeni, na juu ya vyote umelala mlango mzima, na bawaba zake. Taratibu yuko mbele anauambia, "Taratibu, tumefika." Nyuma yake mwenye nyumba wetu wa zamani, yuko na fulana ya ndani na ndara moja mguuni, mbio.

"Mwizi! Mwizi wa mlango!"

Majirani nisiowajua hata majina wakatoka kuniangalia. Karibu nyumbani.

"Mzee, jina liko hapa," Taratibu akasema.

"Hata wakiandika kwenye mwezi, mwezi utakuwa wao? Mkwe wangu anaingia Jumamosi! Nimwekee pazia?"

"Pazia linatosha, baba," jirani mmoja akadakia. "Maharusi hawana cha kuficha."

Bibi akainuka kwenye ndoo, akasimama mbele ya mkokoteni, mikono kiunoni. "Ni wetu. Mama alisema kila kitu."

Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze, ila nilimwangalia mwanangu nikaona anangoja, na leo nikimdanganya tena hataingia popote ninapomwambia aingie.

"Nilisema hivyo, mama, nikakosea," nikamwambia. "Vingine vinabaki. Mlango ni wa Babu. Mistari ndiyo yetu."

Mzee akausogelea mlango wake, akainama, akaisoma mistari mmoja mmoja. Miaka yote hakuwahi kuona upande ule, maana chumbani kwetu alikuwa haingii.

"Huu wa tatu," akasema, "ndio mwaka ule alipotumbukiza funguo zangu chooni?"

"Ndio huo, baba. Utusamehe."

"Alikuwa mfupi hivi na akanisumbua vile!" Akajikuna kidevu. "Haya, usimamisheni, mnakili mistari yenu. Sitaki mlango wangu urudi ukiwa unadaiwa na mtoto."

Nikampigia simu mwenye nyumba mpya kuomba ruhusa ya kuchora kwenye fremu. Akasema nichore, mradi nisibandue rangi. Taratibu akausimamisha mlango sambamba na fremu yetu, akaukumbatia. Mzee akawa fundi mkuu.

"Inua. Kizingiti hiki kiko juu. Inua tena."

"Mzee, nikiinua tena nitaondoka nao."

"Msinipunguze!" Bibi akapiga kelele.

Mwishowe mzee alivua ndara yake ile moja, akaisukumiza chini ya mlango, ukakaa sawa. Nikachukua mkaa, nikahamisha mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, na jina pembeni ya kila mmoja. Bibi alifuatilia kama mkaguzi. Tulipomaliza aligeuka, akabana mgongo kwenye fremu, akasema, "Sasa wa humu."

Alikuwa amezidi mstari wa sita kwa upana wa kidole. Nikachora wa saba. Akaukagua, akampima mdogo wake, halafu akamwangalia Taratibu.

"Mjomba, zamu yako."

"Mimi nilishamaliza kukua, mama."

"Utajuaje kama hujapimwa?"

Akavua kofia, akasimama wima kama askari. Mzee naye akataka mstari, akapanda kwenye vidole vya miguu.

"Visigino chini, Babu," Bibi akasema, na visigino vikashuka.

Walipokuwa wanaufunga mlango kwa kamba kwenye mkokoteni ili urudi kwa bibi harusi, niligeuka kumtafuta Bibi nikaikuta ndoo tupu. Sauti yake ilikuwa ndani, inamwelekeza mdogo wake kitanda kitakaa wapi.

Taratibu hupita kwetu mara nyingi na kabati la mtu, na Bibi hamruhusu kupita hivi hivi. Anaegesha, anaamriwa avue viatu, anasimama kwenye fremu, Bibi anapanda kwenye kiti na kumwekea rula kichwani.

"Hujakua, Mjomba."

"Nipe muda."

Wiki iliyopita alivua viatu mwenyewe, kabla hajaambiwa.