Mteja Katika Duka Lake Mwenyewe

Watu wa runinga walipofika Kangundo kutafuta duka la familia ya wageni, kila waliyemuuliza aliwaelekeza kwetu. Hakuna aliyesita. Mama ameuza sukari na mafuta ya taa katika soko hili tangu nikiwa darasa la kwanza. Anagombana kwa Kikamba, anaomba Mungu kwa Kikamba, na akijikwaa kidole analia kwa Kikamba. Lakini alitoka Murang'a, kwenye kabila jingine, na jambo hilo watu hapa hawalisahau kama wanavyosahau kurudisha chupa za soda. Tulipomzika baba hapa hapa, mzee mmoja wa kanisa alisimama akawashukuru "wageni wetu" kwa kuwakabidhi wenyeji mwili wa mpendwa wao. Mama aliitikia amina huku ameuma meno.

Kwa hiyo vijana wale waliposema wanataka kutengeneza kipindi cha vichekesho kuhusu familia iliyohamia mji mgeni ikafungua duka, Mama alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Hakutaka umaarufu. Alitaka siku moja aitwe mtu wa hapa, basi. Aliamini kwamba nchi nzima ikimwona amesimama Kangundo, hatabaki mtu wa kumuuliza kwao ni wapi. Nilimwambia runinga haitoi vyeti vya uenyeji. Akaniambia ninyamaze nifagie.

Kwanza alikuja mwandishi wao, kijana wa Nairobi mwenye suruali iliyochanwa magotini na fundi aliyelipwa. Alimsalimu Mama "niaje mathe", akakalia kreti ya soda, akaweka simu ya kurekodi juu ya kaunta. Mama alimpa chai na akamsimulia maisha yake yote. Nilikuwa napanga sabuni nyuma, nikasikia sauti yake ikishuka alipofika mwaka wa kwanza wa duka, na kijana akisema, "Hiyo ni noma, mathe. Hiyo tutatumia." Mama alifurahi kwamba amesikilizwa.

Kisha wakaja wengine na magari na nyaya, wakagundua kwamba duka letu halifanani na duka. Friji ikatolewa. Rafu ambazo Mama alikuwa amezipaka rangi kwa ajili yao zikapakwa masizi. Mbele ya kaunta wakafunga wavu wa chuma, wa kuzuia wezi ambao hatujawahi kuwaona, na juu yake wakaning'iniza ndizi na parachichi za plastiki. Hapa ni Kangundo. Parachichi huku zinaoza barabarani zikikanyagwa na boda boda. Mwelekezi wao alinieleza kwa upole kwamba zile za kweli hazionekani za kweli kwenye kamera. Sikumjibu kwa sababu bado nilikuwa na adabu, na mpaka leo ninaijutia adabu hiyo.

Mwigizaji aliyechukua nafasi ya mama mwenye duka alikuwa mrembo wa mjini ambaye nina hakika hajawahi kupima sukari maishani mwake. Alificha pesa kifuani, akaziangalia kila baada ya sentensi. Kila L aliigeuza R, hata pale ambapo hapakuwa na L ya kugeuza. Sijasikia mtu yeyote wa Murang'a akiongea hivyo, na nimezaliwa na wawili.

Mama naye alipewa nafasi ya mteja. Aingie, aombe chumvi, atoke. Mara ya kwanza aliingia vizuri, akaomba chumvi, kisha alipoona mrembo anahangaika kuitafuta, akazunguka kaunta na kujihudumia mwenyewe. Mwelekezi akakatisha. Mara iliyofuata alisimama mahali pake, lakini mkono ukamtoka wenyewe ukapanga viberiti vilivyokaa upande. Mwelekezi akakatisha tena. Mwisho waliamua asimame akiipa kamera mgongo, asiseme neno. Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani kwa ajili ya mgongo huo.

Kipindi kilianza kuonyeshwa Jumapili mchana. Mama aliwaalika majirani wote, akakaanga mandazi, akaweka runinga juu ya rafu ya unga. Fundi wa nguo wa mlango wa pili alikaa mbele kabisa. Huyo siku hizi ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wako chama kimoja cha kuweka akiba, na hata viatu huazimana.

Mrembo alipotokea tu na pesa zake kifuani, dukani kulilipuka kicheko. Walimnyooshea Mama vidole, wakasema ni yeye mtupu. Fundi alijipiga mapaja akasema hata kutembea ni yeye. Mama alicheka pia, kicheko cha mwenye nyumba. Mgongo wake ulipita kwenye kioo cha runinga upesi hivi kwamba waliokuwa wanatafuna mandazi hawakuuona.

Ndipo ikaja sehemu yenye mkate. Mama wa kwenye kipindi aliwapa watoto wake mkate ulioota ukungu. Watoto wakalia wanataka ugali. Akawafokea kwamba mkate hautupwi, pesa haziokotwi, akapangusa ukungu kwa kanga na kuwasukumia vinywani. Vicheko vya kurekodiwa vikamiminika, na vya dukani vikavifuata.

Najua habari ya mkate ule kwa sababu niliula. Mwaka tulipofungua duka, mkate uliletwa kila asubuhi na hakuna aliyenunua. Tulikula mkate kwa chai, kwa maharagwe, kwa sukuma, na mwingine kwa maji. Mimi nilikuwa mtoto, na nilijua mkate ni chakula cha Krismasi, kwa hiyo nilitamba shuleni kwamba sisi ni matajiri. Mama aliupangusa ukungu kweli, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine. Hakutufokea. Alikuwa akitugeuzia uso.

Nilimwangalia Mama. Alikuwa ameacha kucheka. Aliinuka akapunguza sauti ya runinga.

"Hiyo mkate haikuwa uchoyo," akasema. "Ni ile mwaka hamkuwa mnanunua kwangu."

Fundi alijifuta machozi ya kicheko, akasema kwa sauti ndogo, akimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, na si ungesema? Mtoto akilala njaa si unaambia jirani?"

"Ningeambia wewe? Ni wewe ulikuwa unasimama hapo kwa mlango unarudisha watu. Ulikuwa unawaambia nitabeba pesa yao nipeleke Murang'a."

Fundi hakukana. "Hiyo ni kitu ya kitambo," akasema. "Sasa wewe ni mtu wa hapa. Ni nani hajui?"

Neno hilo Mama alikuwa amelingojea tangu nikiwa darasa la kwanza. Niliona limemfikia, na niliona uso wake haukufurahi.

"Nyinyi ndio hamjui," akasema. "Huyo mwanamke alitokea tu na uchoyo wake, mkasema ni mimi. Hakuna hata mmoja alisema hapana."

Nilikuwa na hasira ya kuwatimua wote, pamoja na runinga yenyewe. Haikuhitajika. Kwa kawaida majirani zetu huondoka bila kuaga, wanatoka na vikombe vyetu na kuvirudisha wakikumbuka, na fundi hupitia jikoni kuangalia kilichobaki kwenye sufuria. Siku hiyo waliinuka mmoja mmoja, kama wageni. Waliosha vikombe, wakavipanga, wakamshika Mama mkono kwa mikono miwili na kumshukuru kwa chai. Fundi alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni akaomba ruhusa ya kwenda.

Mama akampa.