Radio ya Bisimwa na ruhusa ambayo hakupewa

Kuna siku moja sijaisahau, nikiwa kijana kule Luberizi kwa mujomba wangu. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege mu mupunga. Unasimama katikati ya shamba tangu asubuhi, unapiga kelele, unatingisha kamba yenye mikebe, na mangaribi unarudi nyumbani sauti imeisha, hata chumvi unaiomba kwa mukono. Mujomba alikuwa ananicheka: "Huyu akioa, bibi yake atapumzika." Nilikuwa mu shamba ile wakati mutu mumoja alishuka kutoka Bukavu akatuambia nyanya yangu amekufa. Tukauliza, lini? Alikuwa ameshazikwa zamani, majani imeanza kuota juu ya kaburi. Nyanya aliyenilea. Nikarudi kupiga kelele, maana ndege hawakungoja nimalize kulia.

Utafikiri muzee amepotea njia, mutoto wangu. Sijapotea. Umeniuliza habari ya radio. Unataka kufungua radio ndogo kwako Kadutu ya Bukavu, na unasema ruhusa siku hizi inapatikana. Inawezekana. Mimi shule niliiacha mapema, siwezi kubishana na wewe. Lakini mutu wa kwanza kujaribu ile kitu kwenye mulima wetu alikuwa jirani yangu, tulitenganishwa na ukuta mumoja wa udongo.

Jina lake Bisimwa, fundi wa radio. Ilikuwa wakati wa Zaïre: kila mutu anaitwa sitwaye, maana yake raia, wakubwa wamevaa abakosti, ile koti isiyo na tai, na majina ya ubatizo imekatazwa. Bisimwa alikuwa anafanyia kazi mbele ya nyumba, na chuma yake ya kulehemu anaipasha moto mu makaa ya bibi yake, bibi anagomba kwamba maharagi inanuka bati. Siku moja akakusanya vipande vya radio zilizokufa, akaviunga kwa batri ya motoka, akavuta waya kutoka dirishani mpaka juu ya muti wa avoka, akaniambia nipande mulima na radio yangu ndogo. Nikapanda, nikafungua. Nikasikia: "Jirani, suruali yako imepasuka nyuma."

Haikufika mbali. Ukivuka ng'ambo ya mutoni, ulisikia kelele tu kama mvua kwenye mabati. Lakini Kadutu ilisikia. Na unajua watu wetu: ukikosa kilio cha mutu, ni kama umemutukana yeye na ukoo wake. Basi kila Yenga, siku ya Mungu, watu wakitoka misa, Bisimwa alisema nani amekufa, kilio iko kwa nani, mazishi ni lini. Kazi yake ilikuwa ile tu. Mimi nilipenda radio ile kuliko mutu yeyote, na wewe sasa unajua sababu.

Papa Ramazani, muzee wa watu wa Uvira aliyekuwa anauzisha vitambaa sokoni, alimwita. "Mwanangu, sauti yako ni nzuri. Lakini mwenye nyumba anajua kwamba umepanga?"

Bisimwa akaelewa. Akapiga pasi abakosti ya shemeji yake, tukateremuka wote wawili mpaka biro moja ya Serikali kule mujini. Mukubwa wa pale alitupokea vizuri, na hii njo ilituharibia. Alitupa hata viti.

"Sitwaye, radio ni ya Serikali," alisema. "Sheria ya radio ya mutu mudogo, mimi sijaiona. Lakini tutauliza Kinshasa."

"Na mu kungoja, mukubwa?"

Mukubwa akacheka. "Kwani inasema kweli, hiyo radio yako? Basi siku moja tutaisikiliza."

Tulipanda Kadutu kama watu wametoka arusi. Bisimwa alikuwa anarudilia, "Amesema watasikiliza. Umemusikia?" Nilimusikia. Papa Ramazani alipopashwa habari hakufurahi. Aliuliza kitu kimoja: "Alisema ndiyo?" Tukamwambia alicheka. "Mulienda kuomba ruhusa, mumerudi na kicheko cha mutu. Funga ile mashini, Bisimwa, mupaka Kinshasa ijibu."

"Papa, na Kinshasa ikinyamaza?"

"Basi nawe unyamaze. Utakuwa muzima."

Alinyamaza kweli, Yenga moja. Kisha Mama Maria akafa, yule wa kuuzisha ndizi chini ya ngazi za soko, aliyelisha nusu ya Kadutu kwa mukopo. Mutoto wake mukubwa akaja na jina la kizaïre lililoandikwa mu karte ya kitambulisho ya mama. Bisimwa akalisoma, akamuuliza, "Huyu ni nani?" Hata jirani zake hawakulijua. Ungetangaza jina lile, mama angezikwa na watoto wake peke yao. Bisimwa alishika mikro, akaniangalia mimi. Sikumukataza. Akasema mu radio: "Mama Maria ametuacha. Maria wa ndizi. Mazishi ni kesho."

Mutoto wangu, watu walitoka kila kichochoro. Waliteremuka na vijia vyote vya mulima, wanaimba, barabara ikajaa, motoka za wakubwa zikasimama. Sijaona tena mazishi kama ile. Na wakubwa wakauliza mbele ya kaburi: nani ameita watu hawa, na kwa jina gani?

Wakamubeba Bisimwa na mashini yake. Mukubwa wa biro alisema hajawahi kumuona.

Alirudi wakati wa mvua, amekonda, na sikio la kuume halisikii tena. Fundi wa radio, sikio moja.

Basi shauri langu njo hii. Ukienda kuomba ruhusa kwa mwenye nguvu, usitosheke na uso wake muzuri, wala kiti, wala kicheko. Ngoja mupaka aseme ndiyo, na ndiyo ile iwe na muhuri, uishike mu mukono wako. Na kama hakuna sheria inayokujua, usijidanganye kwamba uko huru: siku ile wakitaka kukukamata, hawatakosa neno. Mungu akupe sauti, akupe na masikio mawili ya kuisikiliza. Matanga yako yasikose watu, na yachelewe sana.

Umeuliza kama bado anaishi. Sijui. Siku moja mutoto wa Mama Maria alimuletea radio ya kutengeneza. Bisimwa akaiunga, akaiweka kwenye sikio la kushoto. Mu radio ya Serikali walikuwa wanasoma vifo, majina ya kizaïre, moja moja. Alisikiliza mupaka mwisho, akaizima, akairudisha.

"Imepona," alisema. Kisha akamwambia bibi yake, "Naenda kununua pilipili."

Soko iko upande wa juu. Yeye alishika njia ya kuteremuka, ile inayoenda Sange na Uvira, na hatukumuona tena. Chuma ya kulehemu ilikuwa bado mu makaa. Bibi yake aliichomoa jioni, ili apike.