Kopo Lililovimba

Ng'ombe akivimba tumbo hakuna muda wa kushauriana. Baba yangu alinifundisha hilo kabla sijaanza shule, na ndilo somo pekee nililolimaliza. Unapapasa ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, unapiga kwa kidole na kusikia mlio kama wa ngoma. Hapo ndipo unapochoma. Upepo unatoka kwa nguvu, unanuka majani yaliyochacha, na baada ya muda ng'ombe anasimama akitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa. Nilimwona baba akiokoa ng'ombe watano namna hiyo. Wa sita alikufa, na baba alisema huyo tulichelewa.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa, nilichoka kukaa. Nilichekecha mchanga Kewanja pamoja na watu waliokuwa wakiona dhahabu kila mahali isipokuwa mikononi mwao, nikabeba magunia Sirari, nikaosha magari Tarime mjini, na kila nilipopita nilifungua vitu vya watu ili nione ndani mna nini. Redio, saa, dainamo ya baiskeli. Vingine vilirudi vilivyokuwa. Nikiwa huko, wazee wangu walihamishwa kutoka mji wetu wa zamani wakapangwa kwenye kijiji cha ujamaa upande wa Mbalibali, nyumba kwa mstari, na zizi likabaki mbali huko tulikotoka. Nilikwenda nikakaa nao miezi miwili. Kila asubuhi filimbi, kila asubuhi jembe. Nikatoroka.

Ndivyo nilivyofika kwenye kambi ya watalii karibu na Natta, nikawa kibarua wa kufyeka majani. Watalii wenyewe walikuwa wamepungua sana tangu mpaka wa Kenya ufungwe. Siku nyingine mpishi alipika chakula cha meneja na chetu tu, akafunga jiko. Majani ndiyo hayakupungua.

Kibarua hana barua ya kazi, na miaka ile mtu asiye na barua aliitwa mzururaji. Mgambo wakimkuta, wanampakia kwenye lori na kumrudisha kijijini kwake akalime. Mwenzangu wa kufyeka walimchukua njiani akienda kununua sigara. Panga lake lilining'inia ukutani wiki mbili, kisha mpishi akalichukua likawa la kukatia nyama. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu, karatasi yenye mhuri inayosema huyu ni wetu.

Meneja alitoka nchi ya migomba na ukungu, na joto la Natta lilimtesa. Katika dirisha la chumba chake kulikuwa na kiyoyozi kilichoachwa na Mzungu aliyejenga nyumba ile. Sisi tulikiita mashine ya baridi. Jenereta iliwashwa saa sita mchana hadi saa tisa kwa ajili ya majokofu ya nyama, na saa hizo meneja alijifungia chumbani na magazeti ya wiki iliyopita, akatoka akiwa mtu mwingine.

Siku moja nilikuwa nafyeka chini ya dirisha lile nikasikia mashine inanguruma kwa sauti ndogo, nzito, isiyopanda wala kushuka. Kisha ikalia ta, ikanyamaza. Baada ya dakika chache ikaanza tena. Nilichungulia nyuma kupitia wavu. Feni ilikuwa imesimama lakini inatetemeka, kama mtu anayetaka kuinuka na miguu imekufa ganzi. Nikakata kijiti, nikakipenyeza, nikaisukuma. Ikazunguka, ikashika mwendo wake wote, na punde meneja akatoa kichwa mlangoni.

"Umefanya nini?" aliuliza.

Kwa siku saba zilizofuata hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Jenereta ikiwaka, nafika na kijiti, nasukuma, baridi inatoka. Mpishi, Mkurya mwenzangu aliyenizidi umri na maneno, hakuacha kunitania. "Mura," alikuwa akiniambia, yaani kijana kwa Kikurya chetu, "nenda kamwinue ng'ombe wako." Aliwaambia wanaopita kwamba wengine wanachunga mbuzi, huyu wetu anachunga upepo.

Kisha meneja akaniita. Alisema hawezi kuwa mtu wa kusubiri kijiti. "Itengeneze isihitaji kusukumwa, nitakuandikia barua. Fundi wa mitambo. Na mhuri."

Kesho yake asubuhi, jenereta ikiwa imezimwa, niliazima bisibisi kwa dereva wa kambi nikafungua mashine. Ndani mlikuwa na vumbi, kiota cha panya na nyaya. Kando kulikuwa na kopo la bati, ukubwa wa kopo dogo la maziwa, limebanwa kwa mkanda, na nyaya tatu zimeshika kichwani pake. Nilipozigusa, mkono ulipigwa hadi begani. Sikuelewa umeme umetoka wapi na jenereta imelala. Lakini sikukawia kwenye hilo, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kingine. Kichwa cha kopo kilikuwa kimevimba. Vitu vyote mle ndani vilikuwa bapa au vya mviringo wa kawaida, hiki peke yake kimefura. Nikakipiga kwa kidole. Kikalia kama ngoma.

Mpishi alikuwa amesimama nyuma yangu akimenya viazi. Aliinama, akatazama, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Huyo ana upepo," alisema. "Mchome."

Nilinoa msumari wa inchi nne kwenye jiwe. Nikachoma ubavu wa kushoto, chini kidogo ya ukingo, kwa mkono ule ule niliofundishwa. Upepo ulitoka kidogo sana. Kisha yakatoka mafuta, mazito, ya manjano, yenye harufu iliyoshika koo, yakateremka ubavuni mwa kopo. Nilichukua kitambaa na sabuni nikalisafisha hadi likang'aa. Niliona fahari kwa usafi ule. Nikarudisha kila kitu mahali pake.

Saa sita jenereta ikawaka. Mashine ikanguruma kuliko zamani. Nikasukuma feni kwa kijiti. Ikazunguka kivivu, ikasimama. Nikasukuma tena. Ndani kitu kikakoroma, taa za jikoni zikafifia, fyuzi ikakatika.

Meneja akatoa kichwa mlangoni. "Umefanya nini?"

Mugumu kulikuwa na fundi wa redio, mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alitoka pwani, na kibanda chake kilikuwa karibu na msikiti. Nilifika kwake na kopo ndani ya mfuko, nikampa shikamoo. Aliligeuza, akalinusa, akatia ncha ya penseli kwenye tundu.

"Nani kalitoboa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa limevimba."

Aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia alicheka mpaka akavua kofia na kujifutia machozi kwa hiyo kofia. "Nyinyi watu wa ng'ombe," alisema. Kisha akaacha kucheka, akanivutia kigoda.

Alinieleza taratibu, na nilimsikiliza kama sikuwahi kumsikiliza mwalimu yeyote. Kitu kile kinaitwa kapasita. Kinaweka umeme ndani yake na kuupa mota msukumo wa kuanzia. Ndiyo maana mota ikinguruma bila kuzunguka, na ukiisukuma kwa mkono ikakubali, mtu wa kwanza kumshuku ni huyo. Ndiyo maana pia umeme ulinipiga: kapasita huwa inabaki nao hata mashine ikizimwa, na fundi huimaliza nguvu kwanza kwa kulaza bisibisi ya mpini wa mbao juu ya ncha zake. Ikivimba imekufa, haina dawa, inawekwa nyingine.

"Lakini hii ilikuwa na pande mbili," alisema. "Moja ya feni, moja ya kompresa, pampu inayotengeneza baridi. Ya feni ilikufa, kweli. Ya kompresa ilikuwa nzima, mwanangu. Ndiyo maana baridi ilitoka. Ungeendelea na kijiti chako hata mwaka."

Nikamuuliza kama nyingine inapatikana.

"Ng'ambo ya Sirari zipo. Kuna dereva anajua njia, nikimpa namba analeta. Namba zimeandikwa ubavuni." Akaligeuza kopo, akaligeuza tena. Lilikuwa safi kama kijiko. "Umezifuta."

Nilimsihi abahatishe. Alikataa. Alisema ukikosea unaunguza kompresa, na hapo hata Nairobi haisaidii. Akanituma nikatafute kibati cha maandishi mgongoni mwa mashine. Nilirudi Natta siku hiyo hiyo, nikakwangua rangi ya mafuta ambayo mtu alipaka nyumba na mashine pamoja. Kibati kilikuwepo. Kilitaja nguvu ya umeme na namba ndefu ya kiwandani. Namba ya kapasita hakikuitaja.

Meneja hakunigombeza. Alifungua madirisha, akatundika shuka iliyoloweshwa. Mimi nikarudi kwenye majani.

Lori la mgambo lilikuja kabla ya mwezi kwisha, asubuhi, kutafuta maji ya rejeta. Mmoja wao aliniona na kumuuliza meneja, aliyekuwa dirishani kando ya mashine yake, kama mimi ni wa pale.

"Ni kibarua," alisema meneja.

"Barua anayo?"

Meneja alinitazama, akatazama mashine. "Hana."

Hakusema uongo. Mpishi alinifungia ugali kwenye gazeti akauleta hadi kwenye lori. Sikumsikia akitania. "Mura," alisema chini chini, "tusingemchoma."

Jioni nilikuwa Mbalibali. Baba alikuwa amekaa nje ya nyumba ya mstarini, hana hata ndama wa kumtazama. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliuliza ninanuka nini. Nikatoa kopo mfukoni, nikamweleza habari yote, hata la mpishi, hata la namba. Akalishika mikononi, akapapasa uvimbe, akatafuta tundu kwa kidole gumba hadi akalipata.

"Umechoma mahali penyewe," alisema.

Akanirudishia. Asubuhi filimbi ilipolia tulitoka pamoja, kila mtu na jembe lake.